Mjamzito amekwenda kliniki, presha yake nani kaipima?

Nikipewa fungu moja la bajeti ya afya ya mama na mtoto nikaambiwa nichague pa kuliweka, sitanunua gari la wagonjwa. Jengo jipya nalo sitajenga. Nitanunua mashine za kupima presha pamoja na betri zake, mikanda mipana kwa wanawake wenye mikono minene, na vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo. Chenji itakayobaki nitaajiri wakunga. Najua hakuna kiongozi atakayesafiri na msafara kwenda kukata utepe mbele ya katoni la betri, na hilo ni nusu ya tatizo letu.

Mama akivuja damu baada ya kujifungua, kila aliyemo chumbani anaiona na watu wanakimbia. Presha ya mimba haina damu ya kuonekana. Mama wa wiki ya 34 anaamka, anafagia uwanja, anachoma maandazi ya kuuza na kuitikia salamu za majirani, huku presha yake ikiwa 160 kwa 110. Kichwa kinamgonga, anasema ni jua. Macho yanaona vimulimuli, anasema hajala. Chini ya mbavu za kulia kunauma, anadhani mtoto kageuka vibaya. Uso umejaa, vidole vimevimba hata pete haitoki, na mama mkwe anacheka: huyo dume. Usiku huohuo anaweza kuanguka, mwili mzima ukakakamaa na kutetemeka, akang'ata ulimi, akapoteza fahamu. Hicho ndicho kifafa cha mimba, na wengi wa wanaokipata walikuwa wamekwenda kliniki.

Mstari wa madaktari ni 140 kwa 90. Presha ikifika hapo kabla ya wiki ya 20 huhesabiwa kuwa mama alikuja nayo kwenye mimba. Ikifika baada ya wiki hiyo, mimba ndiyo imeileta. Ikiambatana na protini kwenye mkojo, au na dalili kwamba ini, figo, ubongo au damu yenyewe imeanza kuathirika, wataalamu huiita priiklampsia, hatua inayotangulia kifafa. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Mapema katika mimba, mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi hupaswa kutanuka ili ilishe kondo. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki vya kutosha. Kondo lenye njaa humwaga ndani ya damu ya mama protini zinazoharibu kuta za mishipa mwili mzima, na mwaka 2003 watafiti wa Boston wakiongozwa na Ananth Karumanchi walionyesha jinsi mojawapo ya protini hizo inavyofanya kazi. Kwa hiyo dawa za presha zinamkinga mama na kiharusi, ila ugonjwa wenyewe hauanzi kuisha mpaka kondo litoke. Likitoka wiki ya 38, hakuna shida kubwa. Likibidi kutoka wiki ya 29, daktari anawekwa kati ya uhai wa mama na mapafu ya mtoto ambayo hayajakomaa.

Tusiwacheke wazee wetu waliodhani mama mwenye degedege kapandwa na majini. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza waliuita ugonjwa huuhuu sumu ya mimba, wakaitafuta sumu hiyo wasiione. Wajawazito walinyimwa chumvi, wakakatazwa kunenepa, bila faida. Kabla ya hapo, huko St Petersburg, Vasily Stroganoff alikuwa akiwalaza wagonjwa kwenye vyumba vya giza na ukimya, akiwapa mofini ili wasishtuke. Dunia nzima imepapasa gizani juu ya ugonjwa huu, na wengine gizani kwelikweli.

Wala si ugonjwa wa mama asiyejitunza. Tori Bowie, Mmarekani aliyeshinda mbio za mita 100 kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, alikutwa amefariki nyumbani kwake Florida mwaka 2023. Alikuwa na umri wa miaka 32 na mimba ya miezi minane, na uchungu ulikuwa umeshaanza. Ripoti ya uchunguzi wa mwili wake ilitaja kifafa cha mimba miongoni mwa matatizo yanayoweza kuwa yalimuua. Allyson Felix, aliyekimbia naye kwenye timu ya kupokezana vijiti iliyotwaa dhahabu Rio de Janeiro mwaka 2016, alipasuliwa kwa dharura wiki ya 32 mwaka 2018 kwa sababu ya priiklampsia kali, kisha akaenda kulisimulia bunge la nchi yake. Hapo ni Marekani, ambako mwanamke mweusi ana hatari ya kufa kwa uzazi takriban mara tatu ya mwanamke mweupe. Kama miili ile, yenye mapafu yale, haikusalimika, basi tuache kumwambia binti wa mimba ya kwanza kwamba presha imempanda kwa sababu ya mawazo mengi.

Sasa hesabu ya dunia. Makadirio ya utafiti wa kimataifa wa mzigo wa magonjwa yanasema wanawake waliopata matatizo ya presha katika mimba waliongezeka kutoka milioni 16.3 mwaka 1990 hadi milioni 18.1 mwaka 2019, wakati vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30, vikabaki kama 27,800 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani, kwa njia yake ya kuhesabu, linasema presha inachangia karibu asilimia 16 ya vifo vya uzazi. Weka asilimia hiyo juu ya vifo 260,000 vinavyokadiriwa kwa mwaka 2023 unapata zaidi ya 40,000. Watoto wanaopotea tumboni au siku za mwanzo kwa sababu hiyohiyo hukadiriwa kufikia nusu milioni kila mwaka. Ukiona taasisi kubwa zinapishana kwa maelfu ya marehemu, ujue wengi wao walizikwa bila mtu kuandika sababu. Sehemu kubwa ya makaburi hayo yako Afrika kusini mwa Sahara, ambako hutokea karibu asilimia 70 ya vifo vyote vya uzazi duniani.

Wagonjwa wanaongezeka, vifo vinapungua: habari hiyo inaweza kusomwa kwa furaha, na ni haki yake. Mimi naisoma pia kama taarifa ya kazi. Wanawake wanazaa wakiwa na umri mkubwa zaidi, wanene zaidi, wenye kisukari zaidi, na hayo yote huipalilia presha. Watakuja wengi kliniki. Swali ni watakachokikuta.

Tanzania imepiga hatua ambayo hakuna haja ya kuibeza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16, na wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walifika asilimia 81. Rais Samia Suluhu Hassan alipewa tuzo ya Goalkeepers ya taasisi ya Gates mwaka 2025 kwa sababu hiyo. Mfumo wa m-mama, ambao ukipiga 115 unakutafutia usafiri, umewaokoa watu waliokuwa wanakufa njiani. Lakini kadiri mama anavyofika hospitali, ndivyo lawama inavyohama kutoka barabarani kuingia wodini. Zamani tulisema amechelewa kufika. Huyu wa leo alikuja kliniki mara nne na kadi anayo mkononi.

Hebu tuifungue hiyo kadi. Kliniki ya asubuhi ina wanawake hamsini, sitini, kwenye mabenchi, na manesi wawili. Mama ameshuka kwenye bodaboda sasa hivi, hajakaa hata dakika tano. Mkanda unafungwa juu ya mkono wa baibui au sweta kwa sababu kuvua kunachelewesha foleni. Mashine ni moja, na betri zake zikiisha zinasubiri mtu aende mjini. "Mama, kichwa hakiumi?" "Kidogo tu, sista." "Haya, mwingine." Kwenye safu ya presha utasoma 110/70, mwezi unaofuata 110/70, mwezi mwingine 120/80, namba safi zote zinazoishia na sifuri, na mojawapo huenda haikutoka kwenye mashine yoyote. Safu ya mkojo ina alama ya kutoa hata miezi ambayo vijiti havikuwepo. Simlaumu nesi. Anayewapa watu wawili wajawazito sitini ndiye aliyeiandika ile 110/70.

Ratiba nayo ina kisa chake. Mwaka 1929 daktari Janet Campbell alipanga kwa ajili ya Uingereza utaratibu wa kumwona mjamzito mara nyingi kadiri mimba inavyokua, kila wiki mbili baada ya wiki ya 28 na kila wiki baada ya 36. Mpangilio huo ulifaa kuikamata presha, kwa sababu ugonjwa huu hupenda wiki za mwisho. Uingereza ilianza uchunguzi wake wa kitaifa wa kila kifo cha uzazi mwaka 1952, wakati presha ya mimba ikiwa miongoni mwa wauaji wakuu; miongo sita baadaye, katika miaka mitatu ya 2012 hadi 2014, ilihesabu vifo viwili tu vya presha. Hakuna dawa ya ajabu iliyovumbuliwa katikati ambayo sisi hatuna.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Argentina, Cuba, Saudi Arabia na Thailand na kuchapishwa mwaka 2001 ulionekana kusema mahudhurio manne yanatosha, na nchi zenye manesi wachache zilifurahi kusikia hivyo. Baadaye takwimu zilezile zilipochambuliwa upya zilionyesha vifo vya watoto tumboni vimeongezeka kati ya wiki ya 32 na 36, katika lile pengo ambalo mama alikuwa ameambiwa aende nyumbani. Mwaka 2016 shirika likapanda hadi mahudhurio manane, matano kati ya hayo yakiwa kuanzia wiki ya 30. Mwongozo wa Tanzania umeyaingiza manane hayo. Kwenye utafiti wa 2022 waliofikisha hata yale manne ya zamani walikuwa takriban wawili kati ya watatu. Kumwambia mama arudi mara nane ili akae kwenye benchi lilelile na kuandikiwa 110/70 ileile ni kumpotezea nauli.

Kuna mambo mawili ambayo yangepunguza wagonjwa kabla hawajaugua, na yote yanataka mama afike mapema. Aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, ikianzwa kabla ya wiki ya 20, humsaidia mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye mapacha, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo. Lakini theluthi moja tu ya wajawazito wetu ndio hufika kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Wengine wanaificha mimba mpaka ijionyeshe, kwa kuogopa macho ya watu, na dirisha la aspirini linafungwa.

Jambo la pili ni kalsiamu, na hapa Dar es Salaam inapaswa kujivuna. Kwa miaka mingi pendekezo lilikuwa miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku kwa wanawake wanaokula kalsiamu kidogo. Ni vidonge vikubwa kadhaa kila siku, vya bei, na vigumu kumeza ukiwa na kichefuchefu. Watafiti walikwenda kupima kama miligramu 500 zingetosha, wakiwashirikisha wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza Dar es Salaam na wengine 11,000 Bengaluru, India. Matokeo yalitoka mwaka 2024: Dar es Salaam waliopata dozi ndogo waliugua priiklampsia asilimia 3.0, waliopata kubwa asilimia 2.7, na India ilikuwa 3.0 dhidi ya 3.6. Kwa maana nyingine, kidonge kimoja kinafanya kazi ya vitatu. Dunia nzima imepata jibu kutoka kwa wanawake wa Dar es Salaam. Sasa msubiri mjamzito langoni mwa kliniki, umuulize kapewa nini: ya kuongeza damu, ya malaria, ya minyoo. Kalsiamu? Utaona anavyokutazama.

Twende wodini, maana hapo ndipo dawa tuliyo nayo inaponishangaza zaidi. Magnesiamu salfeti ni chumvi ya zamani na ya bei ndogo. Mwaka 1995 utafiti wa nchi nyingi ulithibitisha kwamba inazuia kifafa kurudi kuliko diazepamu au fenitoini. Mwaka 2002 utafiti mwingine, uliopewa jina la Magpie na kuongozwa na Lelia Duley, uliwafuata wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 na kukuta dawa hiyo inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwenye priiklampsia kupata kifafa. Hakuna tena mjadala wa kitaalamu.

Ila tazama kinachotakiwa saa tisa usiku. Chupa ndogo moja ina gramu 5 kwenye mililita 10. Dozi ya kuanzia ni gramu 14, kwa hiyo chupa tatu. Mkunga anavuta mililita 8, anaongeza maji ya sindano 12 zifike 20, anaingiza kwenye mshipa taratibu, dakika zisizopungua tano, huku mama akilalamika joto limempanda mwili mzima. Kisha gramu 5 kila kalio, zikichanganywa na dawa ya ganzi kidogo kwa sababu zinauma sana. Baada ya hapo ni kukesha: goti likigongwa linarusha mguu? Anapumua mara 16 kwa dakika au zaidi? Mkojo unafika mililita 30 kwa saa? Kimoja kikikosekana, dozi inayofuata inasimama, na kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kiondoa sumu yake, iwe kwenye trei na si kabatini kwa mfamasia aliyekwenda kulala. Hesabu hii anaifanya mkunga mmoja mwenye wanawake wengine wanne leba. Akiogopa anatoa nusu, au anasema mpakieni, mpelekeni wilayani. Zahanati ikimpa mama ile dozi ya kwanza kabla gari halijaja, anasafiri akiwa na kinga. Mkunga anahitaji kuandikiwa ruhusa hiyo waziwazi, afundishwe, arudiwe tena mwakani, na asiitwe kujieleza kila anapoitumia.

Kuna atakayesema nimeanza na mashine na sasa nasema watu. Ni kweli vinakwenda pamoja, na upo ushahidi. Andrew Shennan na wenzake wa King's College London walitengeneza mashine ya presha yenye taa za kijani, njano na nyekundu, ambayo hata asiyesomea uuguzi anaielewa. Waliijaribu katika maeneo kumi ya Afrika, India na Haiti, kwa zaidi ya wanawake nusu milioni. Madhara makubwa yalipungua, lakini yalikuwa yakipungua hata pasipo mashine, na ilipotengwa nafuu hiyo ya kawaida, mchango wa mashine haukuweza kuthibitishwa. Taa nyekundu inayowaka mbele ya kabati tupu haimtibu mtu. Kenya, iliyowapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye mashine za presha mwaka 2023, iko kwenye mtihani huohuo. Mhudumu sasa anaweza kumpima mama wa wiki ya 36 sebuleni kwake, jambo ambalo Tanzania ingeiga kesho. Akikuta 150 kwa 100 Jumamosi jioni, ampigie nani?

Halafu mama anajifungua salama, na sote tunapumua mapema mno. Presha hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, na kifafa kinaweza kumkuta ndani ya wiki sita. Hospitali zetu humruhusu baada ya saa 24 kwa sababu kitanda kina mwenzake anayekisubiri. Anayemtazama siku zile ni mama yake, shangazi, au bibi anayemkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Pwani arobaini yake inaheshimiwa: hashiki jembe, hachoti maji, hatoki. Yaani kuna mwanamke mzima analala chumba kimoja na mgonjwa mtarajiwa kwa siku arobaini, na hakuna aliyemwambia kitu. Akiambiwa pale mlangoni mwa wodi kwamba mzazi akilalamika kichwa kisichotulia kwa panado, au macho yakiona ukungu, asimkande wala asingoje asubuhi, huyo bibi atakuwa mlinzi bora kuliko kadi yoyote. Na mama aliyepata presha akiwa mjamzito arudishwe siku ya tatu kupimwa, hata kama nauli italipwa na halmashauri.

Anakorudi kweli ni kwenye chanjo ya mtoto. Wiki ya sita mtoto anavuliwa, anapimwa uzito kwenye mzani, anachomwa sindano, anaandikwa. Aliyembeba hapimwi. Wakati huo ndipo ingejulikana kama presha imeshuka au imehamia moja kwa moja, maana mwanamke aliyepata priiklampsia ana hatari ya magonjwa ya moyo na kiharusi karibu mara mbili ya mwenzake, na ya presha ya kudumu zaidi ya mara tatu. Miaka kumi na tano baadaye ataingia kliniki ya watu wazima akiwa na kizunguzungu. Daktari atamuuliza kuhusu chumvi, unene na ukoo wao, na kadi ya mimba ile itakuwa imeshafungiwa karanga zamani. Hospitali zinazompa kila mama aliyepata presha karatasi yake mwenyewe, yenye namba zake, dawa alizotumia na tarehe ya kupimwa tena kila mwaka, hazihitaji mfadhili wa kufanya hivyo. Zinahitaji karatasi, na mtu aliyepangiwa kazi ya kuijaza.